Chumvi Bila Mchele

Nyumba ilinuka ukungu na majivu. Inspekta Ilda Berrutti alivuta pumzi moja mlangoni, akajuta kuivuta.

“Fungua dirisha, Techera.”

“Mvua itaingia, afande.”

“Acha iingie. Angalau hiyo ni safi.”

Sajini Dardo Techera aliweka mezani thamosi yake, ambayo hata kwenye maiti hakuiacha, akalisukuma dirisha kwa bega. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu. Zilikwaruza, zikaachia, na upepo wa Julai ukaingia kutoka mtoni.

Jumanne asubuhi, katika chumba hiki cha chini, walikutwa mume na mke wamelala, na jiko la mkaa limekaa baina ya kitanda na mlango. Wilmar Pintos, kondakta mstaafu wa mabasi, alikuwa amekwisha kufa. Mkewe, Zulma, alikuwa bado anahema. Sasa alikuwa hospitali, macho wazi, mdomo umefungwa kama aliyekula kiapo, na nje ya wodi yake ameketi askari. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaamua moyoni kwamba jiko lile aliliwasha Zulma, na kwa kusudi. Alikuwa akingoja ripoti ya Ilda tu. Ripoti ikienda tupu, leo hii mjane angetoka kitandani na kuingia rumande.

Ilda alizunguka chumba bila kuvua glavu. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukutani hadi usawa wa bega. Aligusa blanketi, akaliacha upesi. Lilikuwa limelowa bila kumwagiwa maji. Kwenye msumari lilining'inia koti la marehemu, bega moja limechafuka kwa vumbi jeusi. Alilikung'uta kidogo, vumbi likabaki kwenye glavu.

“Gunia la mkaa alilibeba yeye,” alisema.

“Au mkewe alijifunika koti lake,” Techera alisema. “Mvua ilikuwa inanyesha, afande.”

Hilo nalo lilikuwa neno. Ilda alikwenda kwenye swichi iliyokuwa kando ya mlango.

Nyumba za zamani za mtaa huu wa Jacinto Vera, Montevideo, zilizikiwa nyaya za joto ndani ya zege la sakafu. Unazungusha kitufe, sakafu inapata joto, nyayo zinashukuru. Kitufe hiki kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho wa kuzima, kikabandikwa selotepu, na juu ya selotepu Wilmar Pintos alikuwa ametia saini yake, wino ukivuka hadi kwenye rangi ya ukuta. Ilda aliuinamia mstari ule wa wino. Haukuwa umekatika mahali popote.

“Mtu anamtegea mkewe mtego wa selotepu,” alisema. “Makubwa.”

“Bili zilimchanganya, afande. Za kiwanda, si za wazee wawili. Aliwaita watu wa umeme, wakaipima mita, wakasema haina kosa. Akazima sakafu, akabandika hiyo. Bili ikaja vilevile. Basi akasema mkewe ana hita ameificha, anaiwasha yeye akienda kucheza karata.”

“Na hita yenyewe?”

“Hatukuipata. Tumepekua mpaka ndani ya godoro.”

“Balbu?”

“Mbili. Na jokofu dogo kuliko lako la ofisini.”

“Mitambo ya siri? Bangi inayokuzwa kwa taa?”

Techera alicheka. “Hilo ndilo nililolitafuta kwanza. Nimekuta mnanaa kwenye kopo, umekufa kwa baridi.”

Ilda hakucheka. Alihisi kinyaa kikimpanda taratibu, na hakikuwa cha ukungu peke yake. Watu wawili walikaa kwenye jokofu hili majira mazima ya baridi, wakilipa kama wanaoota moto.

“Umeme wa humu nani aliuzima?”

“Mimi mwenyewe, Jumanne, tulipomtoa marehemu. Nilishusha swichi kuu nikatia lakiri, kama utaratibu ulivyo. Haijaguswa.”

Mlango uligongwa kabla hajajibu. Aliyesimama pale alikuwa Leonel Irigaray, mwenye nyumba, wakala wa bima aliyeishi ghorofa ya juu na mama yake. Alikuwa na nywele zilizopakwa mafuta na sauti ya msibani. Mkononi alishika kibuyu cha mate, ile chai chungu ya nchi hiyo, na mrija wake; kwapani, chupa ya maji ya moto.

“Inspekta, baridi hii itawaua na ninyi. Karibu, bado ni ya moto.”

Kukataa mate ya mtu ni kumtukana, na Ilda alihitaji maneno ya mtu huyu. Alipokea, akanyonya mrija, akarudisha. Irigaray alipoinama kumimina maji mengine, sweta yake ilitoa harufu kali ya naftalini, ya nguo zilizofungiwa muda mrefu. Ilda aliisikia, akaiweka akiba.

“Wewe ndiye uliyesema waligombana,” alisema.

“Kila siku, masikini. Mimi si mtu wa umbea, lakini ngazi hii inapitisha kila neno. Mume, nani kawasha? Mke, si mimi. Mume, nani basi, shetani?” Alitikisa kichwa. “Halafu Jumatatu jioni yule mama akakiri.”

“Alikiri nini hasa?”

“Nilisikia kwa masikio yangu mawili. ‘Ni mimi, Wilmar. Nina hita. Huwa naiwasha ukitoka.’ Maneno yake hayo.”

“Ulikuwa wapi?”

“Ngazini. Natoa taka.”

“Na ulipolisikia hilo ulifanya nini?”

“Ningefanya nini? Mambo ya mke na mume.” Aliinua mabega. “Usiku ule ule, jiko la mkaa. Siwezi kusema zaidi, mimi si hakimu. Lakini mtu aliyeumbuliwa, Inspekta, hasira zake...”

Alimalizia kwa kunyonya mrija. Techera alimtazama Ilda kwa jicho la kusema, si nilikuambia?

“Bili zile,” Ilda alisema, “wewe ulizielezaje?”

“Nyaya za zamani. Zinavuja umeme ardhini. Kila mpangaji namwambia, sakafu hizi zina njaa. Ndiyo maana mimi kule juu siwashi kabisa. Mimi ni mtu wa sweta.”

“Wapangaji waliotangulia nao walilalamika?”

“Wapangaji kazi yao kulalamika. Ikifika baridi wanahama.”

“Mama yako yupo? Ningependa kumsikia na yeye.”

Irigaray alisita. “Mama ni mzee sana. Anachanganya mambo.”

“Mimi nimezoea watu wanaochanganya mambo,” Ilda alisema, akaanza kupanda ngazi.

*

Jikoni kwa Doña Amabilia, mama wa Irigaray, mafuta yalikuwa yakichemka. Mvua ikinyesha, mji mzima hukaanga maandazi bapa, na bibi huyu hakuwa wa kupitwa. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa soksi za sufu juu ya soksi nyingine, na shali mbili.

“Kaa, binti yangu, kaa. Polisi pia wana tumbo. Na wewe, baba, mbona umesimama kama mnara? Leonel, mpe kiti.”

“Mama, wageni wana kazi.”

“Kwani nimewafunga kamba?”

Techera alikaa upesi. Ilda alibaki amesimama, akitazama kuta. Zilikuwa kavu. Karatasi ya maua iliyofunika kuta ilikuwa imekaa sawa kama iliyobandikwa jana, wala haikuwa na doa hata kwenye kona ya nyuma ya jokofu, na hiyo ndiyo kona inayooza kwanza katika kila nyumba ya Montevideo. Ilda mwenyewe, kwake mtaani Malvín, alisugua kona hiyo kwa klorini kila Jumapili, na kila Jumapili iliyofuata aliikuta imerudi vilevile.

Bibi aliweka sahani mezani. Wengine hunyunyizia maandazi sukari. Yeye alichukua kichupa cha chumvi, akakigeuza, akakitikisa. Hakikutoka kitu. Akakigonga mezani, akakitikisa tena.

“Tazama huyu naye! Amekuwa jiwe.”

“Hujaweka mchele, bibi,” Techera alisema, kinywa kimejaa.

“Mchele wa nini?”

“Kwenye chumvi. Isishikane.”

“Mchele ni wa majirani, mwanangu. Mimi chumvi yangu haijawahi kushikana. Muulize huyu. Mashoga zangu wakija hapa walikuwa wananionea wivu. Amabilia, chumvi yako inamwagika kama mchanga!” Alikigonga kichupa tena, kwa hasira za kweli. “Ila tangu Jumanne, hii.”

“Mama, maandazi yanaungua,” Irigaray alisema.

“Hayaungui, nayaona.”

Ilda alivuta kiti, akakaa mbele ya bibi. Alikitwaa kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na chumvi tupu, imeganda upande mmoja. Alikuwa amekula kwenye nyumba nyingi za mji huu, za matajiri na za makabwela, na hakukumbuka kuona kichupa cha chumvi kisicho na punje za mchele ndani yake. Hata hoteli huweka. Asiyeweka ni yule tu ambaye unyevu haujui mlango wake.

“Nini kilitokea Jumanne, Doña Amabilia?”

Bibi aliteremsha sauti. “Yule marehemu, Mungu amrehemu. Alipotolewa tu, sakafu ikafa. Asubuhi nilikuwa nimetembea peku kama kawaida yangu, mimi viatu vya ndani sivijui. Jioni ikawa vuguvugu. Kesho yake, barafu. Nikamwambia Leonel, huyu mzee amekwenda na joto lake. Wafu wana tabia hiyo, wakiondoka na kinyongo.”

“Anachanganya,” Irigaray alisema. “Nimekwambia, Inspekta. Ana ndoto.”

“Ndoto ndiyo iliyokufanya ufungue sanduku la nguo za baba yako ukatoe masweta? Mpaka leo unanuka naftalini!”

Techera aliacha kutafuna.

Ilda alivua glavu, akainama, akabandika kiganja sakafuni. Ilikuwa baridi kama ya chini. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika, na Irigaray aliona.

“Sajini, shuka chini. Hakikisha kila swichi ya mle imezimwa, chomoa jokofu, toa hata balbu ukitaka. Kisha vunja lakiri uwashe swichi kuu. Uniambie mita inafanya nini.”

“Una hati?” Irigaray aliuliza. Sauti ya msibani ilikuwa imemtoka. “Hii ni nyumba yangu. Huwezi kupekua bila hati ya jaji.”

“Sipekui. Nakula andazi. Na kule chini ni eneo langu la uchunguzi, nikitaka kuwasha taa naiwasha.”

Walingoja. Bibi aligeuza maandazi. Irigaray alimimina mate, akampa Ilda, naye Ilda akakitazama kibuyu mpaka mwenyewe alipokirudisha. Kisha sauti ya Techera ikapanda ngazi nzima.

“Inazunguka, afande! Inazunguka kama imefukuzwa! Na humu hata nzi hajawasha kitu!”

Ukutani, juu ya kabati la vyombo, ilining'inia picha ya harusi ya Doña Amabilia. Chini ya fremu yake, kwenye karatasi ya maua, palikuwa na alama nyekundu ndogo ya mwanga ambayo haikuwapo awali. Ilda aliondoka kitini, akaishusha picha. Nyuma yake palikuwa na kitufe cha sakafu ya joto, taa yake inawaka, kimezungushwa hadi mwisho wa juu.

“Mtu wa sweta,” Ilda alisema.

Irigaray alikaa. “Ni nyaya za zamani. Nyumba ilikuwa moja, ya baba. Nilipoigawa niliweka mita yangu ya taa na soketi, sakafu ikabaki kwenye mita ya chini. Nilikuta hivyo. Kupasua zege ni gharama, Inspekta, wewe mwenyewe unajua mafundi.”

“Gharama. Lakini kuficha kitufe nyuma ya harusi ya mama yako ilikuwa rahisi.”

“Ni mambo ya kulipana. Nitamlipa mjane, tutaelewana. Mtu hafi kwa bili ya umeme!”

“Amekufa kwa baridi uliyomuuzia.” Ilda hakupaza sauti. “Ngoja nikuambie lililonichefua, maana wizi nimeuona mwingi. Jumatatu jioni ulisimama ngazini ukamsikia mwanamke akikiri kosa. Mji mzima huu ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba mwanamke yule anasema uongo. Ni wewe. Joto lenyewe lilikuwa chini ya nyayo zako. Na hukupanda ukakizima kitufe hata siku ile. Ulinyamaza, ukalala, na asubuhi akiwa hajafumbua macho ukatuletea ungamo lake kama ushahidi.”

Irigaray alikisukuma kibuyu kando.

“Leonel,” mama yake alisema. Alikuwa amezima jiko. “Lile joto lilikuwa la nani?”

“Mama, si wakati wake.”

“Nimekuuliza. Miaka yote hii napita peku, nawasimanga majirani na chumvi yao. Nilikuwa natembea kwa fedha ya nani?”

Sakafu ilikuwa imeanza kupata uvuguvugu. Ilda aliuhisi kwenye soli. Bibi naye aliuhisi. Alivuta kiti, akakaa, akainua miguu yote miwili akaiweka juu ya kiti kingine, akaizungushia shali, asiiguse tena sakafu ile.

Techera alirudi akamshika Irigaray mkono. Mlangoni Ilda alitoa leso, akafuta midomo yake mara mbili. Alikuwa ameunyonya mrija ule. Kinywaji hicho kinaitwa mate, na siku ile, mdomoni mwake, hakikuwa kitu kingine ila mate ya mtu yule.

*

Hospitali, Zulma Pintos alikuwa ameketi kitandani, mpira wa oksijeni umetolewa puani, nywele nyeupe zimefungwa na muuguzi fulani mwenye huruma. Ilda alivuta kiti, akamweleza kwa ufupi: kitufe, picha ya harusi, mita. Hakupamba kitu. Alitarajia kilio, au shukrani. Zulma alitazama dirisha lenye mvua.

“Hakukuwa na hita,” alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

“Najua.”

“Sijawahi kuwa na hita, mwanangu. Ningeipata wapi?”

“Sasa kwa nini ulimwambia unayo?”

Mjane alipangusa shuka kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu.

“Tulikuwa tumechoka. Miezi tunaulizana neno hilo hilo, hata chakula hakishuki. Jumatatu akasema, Zulma, niambie ukweli tu, sitakugombeza, nataka kuujua ukweli tu. Nikaona, huyu hatalala mpaka apate jibu. Nikampa. Nikasema ni mimi. Niliona uongo mmoja si kitu, tulale kwa amani.”

“Akasemaje?”

“Akalia. Wilmar! Alimzika mama yake bila chozi. Akanishika miguu yangu, baridi kama samaki, akasema, kumbe ulikuwa unaganda na mimi nakusimanga. Akavaa koti akatoka na mvua. Aliporudi ana gunia begani na jiko mkononi. Akasema, hita usiiwashe tena, mke wangu, nimekuletea moto.”

Ilda alikuwa amekuja na jibu la kila swali, na sasa hakuwa na pa kuliweka. Alitaka kusema kwamba kosa si lake, kwamba mwenye kosa yuko kituoni anaomba wakili. Yote yalikuwa kweli, na aliyasema. Zulma aliyasikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia ya mtaa asiokwenda.

“Basi alinisamehe,” alisema. “Alikufa amenisamehe kosa la yule bwana wa juu.”

Ilda alisimama, akamfunika blanketi hadi mabegani. Lilikuwa kavu, na zito. Kisha akatoka, akamwambia askari wa mlangoni achukue kiti chake aende nyumbani.